Sura ya Tatu: Kipande Kabla ya Ramani

Mtu aingiaye katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Unguja, akapima kwa hatua zake upana wa vyumba, kisha akaingia nyumba ya pili na ya tatu akafanya vivyo hivyo, atastaajabu kuona kwamba vyumba hivyo, japo urefu wao hufuata mali aliyojaaliwa mwenye nyumba, havizidiani sana kwa upana; na akiuliza sababu ataambiwa ni boriti. Dari za nyumba hizo zimebebwa na miti ya mikoko iliyokatwa katika delta ya Rufiji na pwani ya Lamu, ikaletwa kwa majahazi, na mti wa mkoko una urefu wake ambao hauuzidi. Basi waashi wa zamani hawakuchora chumba wakatafuta boriti ya kukitosha. Waliitazama boriti kwanza, ndipo wakachora chumba. Mawe ya matumbawe na chokaa waliyapata papo hapo kisiwani, wakayatumia bila ya choyo. Mbao za msaji za milango yao mikubwa waliziagiza Bara Hindi, kwa kuwa mlango wa msaji hununuliwa mara moja ukarithiwa na wajukuu.

Anayetaka kuunda gokati yake ya kwanza kisiwani humu hana mwalimu aliye bora kuliko waashi hao. Gokati, kwa asiyeijua, ni kigari cha magurudumu manne kisicho na bodi wala springi, ambacho dereva wake huketi karibu ya kugusa ardhi, na injini ndogo ikinguruma ubavuni mwake au nyuma ya mgongo wake. Aghalabu ya vijana waitakao huanza kwa karatasi: huchora fremu, wakaipenda, wakaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, na fremu ikisha kuwa chuma ndipo huanza kuzunguka mitaani wakitafuta injini itakayoridhia kukaa ndani yake. Huo ni mwendo wa kinyume. Fremu ni bomba tu, na bomba hukatwa na kuungwa upya kabla ya adhuhuri. Ilhali injini, ekseli na magurudumu huja na vipimo vyao tangu kiwandani, wala havisikilizi matakwa ya mchoraji. Shauri la sura hii, kwa hiyo, ni moja: kipande kilicho kigumu kupatikana ndicho kitangulie, na ramani ikifuate.

Hata asili ya mchezo wenyewe ilikuwa hivyo. Mnamo mwaka 1956, huko California katika Marekani, Art Ingels, fundi wa karakana ya Kurtis Kraft iliyosifika kwa kuunda magari ya mashindano, aliunda gokati inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Na mtu huyo, aliyeweza kwa cheo cha kazi yake kutamani injini ya fahari, alitumia vyuma vilivyokuwapo na injini ndogo ya West Bend ya mipigo miwili, iliyokusudiwa mashine za kukatia majani ikabaki bila ya mnunuzi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1959, kampuni ya McCulloch, waundaji wa misumeno ya injini, ilitoa injini yake ya kwanza ya gokati, nayo ilitokana na injini ya msumeno. Masalio ya kazi nyingine ndiyo yaliyouzaa mchezo huu, na swali limfaalo Mzanzibari ni hili: katika kisiwa chetu yako masalio gani?

Jawabu ya kwanza imo chini ya ngazi na katika mabanda ya uani. Unguja ilipokaa gizani, mwezi mmoja hivi katika mwaka 2008, na tena takriban miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu zilizoipata njia ya umeme utokao Bara kwa waya upitao chini ya bahari, kila mwenye duka, mwenye hoteli na mwenye jokofu la samaki aliyeweza kununua jenereta alinunua, mji ukawa na mngurumo usiku kucha. Waya mpya ulipoanza kazi mwaka 2013, jenereta nyingi zilipoteza shughuli, na hata leo huonekana zimefunikwa gunia, mwenyewe akiwa tayari kuziuza kwa bei ya kumwondolea kero. Jawabu ya pili imo katika viwanja vya ujenzi, kwa kuwa hoteli zilizoota tangu Nungwi hadi Makunduchi zimejengwa kwa mashine za kuchanganyia zege na za kushindilia udongo, na mashine hizo huchakaa chombo cha kazi kabla ya injini. Jawabu ya tatu imo makondeni, kwenye pampu za kumwagilia mboga.

Injini ya vyombo vyote hivyo mara nyingi ni ya aina moja: Honda GX160, au nakala yake iliyoundwa China, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 163 na nguvu ya farasi 5 hivi, ambayo kwa gokati ya kwanza ni kadiri ya kutosha. Lakini tofauti iliyopo baina yake haiko usoni. Iko katika shafti, yaani mhimili wa chuma utokao ubavuni mwa injini kupeleka nguvu nje. Injini ya jenereta huwa na shafti iliyochongoka, nene shinani na nyembamba nchani, ili ishikamane na dainamo, na juu ya shafti ya namna hiyo klachi haikai. Injini ya pampu mara nyingi ina shafti iliyokatwa hesi ya kushikia pangaboi la maji. Iliyo ya mashine ya zege au ya kushindilia ndiyo yenye shafti iliyonyooka, ya unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yenye mfereji mwembamba wa kutilia kii, nayo ndiyo ya kununua hata kama bei yake itazidi kidogo. Jenereta ina sharti jengine tena: imefungiwa kidhibiti kinachoizuia isipite mizunguko 3000 kwa dakika, kwa kuwa umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na 50 mara 60 ni 3000. Ama mashine za kukatia majani za bustani za hoteli, nyingi shafti yake imesimama wima, ikitazama chini. Anayeilaza injini ya namna hiyo ubavu ili itazame gurudumu, ameiharibia njia ya oili na ya kabureta kwa pamoja.

Tofauti hizi za shafti huweza kuwa ndogo kuliko jicho. Nilipata kuwapo katika karakana moja ya kukereza vyuma huko Mwanakwerekwe alipoingia kijana amebeba klachi mpya iliyoagizwa ng'ambo, ingali katika karatasi yake, na mwenzake nyuma akisukuma toroli lenye injini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo tuitazame."

Fundi alichukua kalipa, akaifuta kwa kitambaa, akaipima shafti: milimita 20 kamili. Akapima tundu la klachi: milimita 19 na nukta 05, yaani robo tatu ya inchi. Akavipima tena vyote viwili, polepole, kijana naye ajionee mwenyewe.

"Huyu kazaliwa kwa inchi, huyu kwa milimita," akasema. "Utawaoza vipi?"

"Si unaweza kuitanua, ami?"

"Kuitanua naitanua. Lakini klachi ni kitu cha kufa. Hii ikifa utaagiza nyengine, utangoja, itakuja na tundu lile lile, utarudi tena kwangu. Ungeniletea injini kwanza ningekwambia ukatafute ya milimita 20."

Maneno ya fundi yule yanabeba nusu ya elimu ya ununuzi wa vipuri. Injini zilezile huuzwa kwa shafti ya inchi katika nchi nyingine na kwa shafti ya milimita katika nchi nyingine, na kisiwa kilichofanya biashara na kila upande wa dunia hupokea zote mbili. Kwa hiyo asiyekuwa na kalipa mfukoni asinunue chochote chenye tundu au chenye mhimili, hata akiapiwa na muuzaji kwamba kitaingia.

Injini ikipatikana, milango ya kuvipatia vipande vilivyobaki ni mitatu. Wa kwanza ni kununua chombo kizima kilichokufa, kama vile pikipiki iliyogongwa, ukakichinja na kutumia viungo vyake. Faida yake ni kwamba spoketi, mnyororo, breki na nyaya vimekwisha kuzoeana, na hasara yake ni kwamba utalipia pia vile usivyovihitaji. Wa pili ni kununua rejareja, kimoja kimoja, katika maduka ya vipuri ya Darajani, ya Mlandege na ya Mwanakwerekwe, au kupanda boti Malindi na baada ya saa mbili hivi ukawa Dar es Salaam, ambako Gerezani na Kariakoo zina wingi usiokuwapo kwetu. Naye msomaji wa Nairobi anayo Barabara ya Kirinyaga, na wa Kampala analo soko la Kisekka. Wa tatu ni kuagiza mbali, Dubai au China, kikija kikiwa kipya, kimefungwa vizuri, na mara nyingi kwa bei ya asili iliyo rahisi, kabla ya nauli na ushuru wa forodha kuongezwa juu yake.

Wengi huulizana upi kati ya milango hiyo ulio bora, na swali lenyewe si sawa. Kila kipande kina mlango wake, na mizani ya kukipimia ni hii: kikiharibika, nitakipata wapi cha pili, na kwa muda gani? Kitu cha kuchakaa, mfano wa mnyororo, klachi, beringi, viatu vya breki, plagi na waya wa mafuta, kitoke dukani unakoweza kwenda kwa miguu au kwa daladala. Kitu kisichochakaa, mfano wa ekseli, kiti, na hata usukani, kinaweza kutoka popote duniani, kwa kuwa utakinunua mara moja. Mwenye kuipindua kanuni hiyo, akaagiza mbali mnyororo wa namna isiyouzwa mjini kwa sababu ni mwembamba na mwepesi, atakuwa na gokati nzuri ya kutazama iliyosimama uani ikingoja meli.

Kwa mizani hiyo mnyororo wa pikipiki hauna mshindani. Pikipiki za bodaboda zilizojaa kisiwani hutumia mnyororo wa namba 428, na ndugu yake wa 420 umeenea vilevile. Yote miwili ina nafasi ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, baina ya pini na pini, tofauti yake ikiwa upana na unene wa rola. Spoketi zake hukatwa, huchongwa na huuzwa kila mahali, na fundi yeyote wa pikipiki anazo pingili za kuungia.

Ekseli ya nyuma na iwe chuma kizima, kilichonyooka, cha unene wa milimita 25, wala usitumie nondo ya ujenzi, ambayo haikuviringwa kwa usawa wala haikuundwa kwa kazi ya kuzunguka. Beringi zake utazikuta usikodhania: katika maduka yanayohudumia mashine za kusagia nafaka na za kukunia nazi. Mashine hizo hutumia beringi iliyokaa ndani ya kikalio chake cha chuma chenye matundu mawili ya bolti, na iliyo ya ekseli yetu huandikwa UCP205. Namba hizo zina siri nyepesi ambayo kila mnunuzi yafaa aihifadhi: kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa tundu la beringi kwa milimita, basi 04 ni milimita 20, 05 ni 25, na 06 ni 30. Kwa hesabu hiyo mtu huweza kusimama mbele ya meza ya vyuma chakavu, akafuta kutu kwa kidole, akajua ashikacho kabla hajauliza bei.

Magurudumu ndiyo yapotoshayo watu zaidi, kwa kuwa yanaonekana kuwa mambo ya sura tu, kumbe ni mambo ya hesabu. Tairi ya bajaji ya namba 4.00-8 inapatikana kwa urahisi, na kimo chake ni takriban inchi 16, ukijumlisha rimu ya inchi 8 na unene wa tairi wa inchi 4 juu na 4 chini. Mzunguko wake mmoja, basi, ni mita 1 na sentimita 28 hivi. Tuseme kijana amefunga spoketi za pikipiki kama alivyozikuta, meno 14 mbele na 42 nyuma, na injini inazunguka mara 3600 kwa dakika. Ekseli itazunguka mara 1200, na gokati kwa hesabu ya karatasi itakwenda kilomita 90 na ushei kwa saa. Injini ya farasi 5 haina ubavu wa kufika huko. Itakalofanya ni kuisugua klachi mpaka inuke. Akifunga meno 10 mbele na 60 nyuma, gokati ileile itakwenda kilomita 46 kwa saa, itaondoka bila ya kusukumwa, na klachi itaishi. Kwa hiyo spoketi haichaguliwi kabla ya tairi, wala tairi kabla ya injini, na anayevuruga taratibu hiyo hununua mara mbili.

Hapa ndipo Vespa, chombo kilichopendwa na Mji Mkongwe kwa kuwa hupita vichochoroni pasipopita gari, inapokuwa hazina na mtego. Corradino D'Ascanio, aliyeisanifu kwa ajili ya kampuni ya Piaggio mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na gurudumu la mbele alilishika kwa upande mmoja tu, kwa mfano wa magurudumu ya ndege, badala ya kulibana kwa uma wa pande mbili kama la baiskeli. Gokati nayo hutaka gurudumu la mbele la namna hiyohiyo, lililoshikwa upande mmoja, kwa hiyo vichwa viwili vya mbele vya Vespa zilizokufa, na rimu zake zilizoundwa kwa vipande viwili vilivyofungwa bolti, ambazo tairi yake hubadilishwa bila ya kupigana nayo, ni ghanima kwa mjenzi. Lakini vichwa hivyo vyote viwili vilikuwa vya upande mmoja, kimoja sasa kitazunguka kinyume cha mazoea yake, basi nati zake ni lazima zifungwe kwa pini. Ama injini ya Vespa, iache kwa leo: huendesha gurudumu lake moja kwa moja bila ya mnyororo, na gia zake hubadilishwa kwa nyaya kutoka mkono wa kushoto, na kuilazimisha iendeshe ekseli ya magurudumu mawili ni kazi ya gokati ya tatu au ya nne.

Kisiwani kuna hasimu ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji, naye ni hewa ya chumvi. Injini iliyokaa miaka kumi karibu na pwani huweza kupakwa rangi ikang'aa, na ndani yake imekwisha. Ivue plagi, utazame kama hesi zake zimeota ungaunga mweupe. Vuta kamba, usikie kama mkono unapambana na mgandamizo. Shika shafti, uitikise juu na chini, na ikicheza uiage. Bolti zilizoganda kwa kutu zihesabu katika bei, kwa sababu kila iliyokatikia ndani itakwenda kuchimbuliwa kwa malipo.

Yapo mambo ambayo uchakavu wake haununuliki hata kwa bure. Viatu vya breki, vifundo vya usukani na kofia ya kinga viwe vipya. Bolti za usukani na za ekseli ziwe zenye alama ya 8.8 kichwani, si zile laini za kufungia mabati. Bomba la maji lililopakwa zinki lisitumike katika fremu, kwa kuwa likichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na baridi ya kutetemeka usiku wa siku ileile. Bomba jeusi la milimita 25, lenye ukuta wa milimita 2, linauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi na latosha. Na ikiwa huna fundi unayemwamini, vituo vya mafunzo ya amali na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyoko Mbweni vimetoa vijana wajuao kukereza na kuchomelea, ambao ujira wao si wa kutisha, na ambao watakwambia kweli kama chuma chako ni kibovu.

Alhasili, orodha ya kwenda nayo sokoni iandikwe kwa taratibu hii: injini yenye shafti iliyonyooka, klachi ya kipimo cha shafti hiyo, tairi na rimu, spoketi na mnyororo kwa hesabu ya tairi, ekseli na beringi zake, vichwa vya mbele, breki, na bomba mwisho kabisa. Mkabala wa kila kimoja andika bei ya cha kwanza, na mahali pa kukipata cha pili. Mstari ambao mahali pake pa pili pamebaki patupu, urudie kabla hujatoa fedha, kwa maana hapo ndipo gokati yako itakapokuja kusimama.